Kuruwitu: Karai la mama karanga lasimulia habari za bahari

WASAFIRI wengi waendao Malindi kutoka Mombasa huipita Vipingo bila kugeuza shingo. Huyaona mashamba ya mkonge, kisha wakaendelea kusinzia hadi Kilifi. Anayeshuka hapo, takriban kilomita 40 kaskazini mwa Mombasa, na kupanda bodaboda kuelekea ufuoni, hufika Kuruwitu.

Kuruwitu si mji. Ni kijiji cha wavuvi na wakulima, wengi wao Wamijikenda. Hata hivyo, kama ilivyo katika mitaa ya Mombasa au Malindi, mgeni anaweza kuwajua wenyeji kwa kutazama kinachouzwa kando ya njia.

Asubuhi ni mahamri kwa mbaazi za nazi. Jina mahamri lina asili ya Kiarabu na linahusu chachu. Mbaazi ni za shamba, na tui ni la minazi ya hapo hapo. Alasiri hutoka viazi karai, vilivyochovywa katika unga wa rangi ya manjano na kuliwa kwa chatini ya ukwaju, ishara ya jirani zetu wenye asili ya Bara Hindi. Muhogo wa kukaanga hupasuliwa ukatiwa pilipili na ndimu. Muhogo wenyewe na pilipili vilitoka Amerika, vikaletwa huku enzi za Wareno. Historia yote hiyo hufungwa katika kipande cha gazeti, na mimi niliyezeeka nikihariri kurasa sina kinyongo kuona kazi yetu ikifyonza mafuta.

Lakini anayetaka kuielewa Kuruwitu na asubiri jioni, mama karanga atokapo na sinia lake.

Watu wa bara hudhani huyu ni muuza njugu. Sivyo. Jina limetokana na kukaranga, yaani kukaanga samaki. Huwangoja wavuvi ufuoni, akanunua, akaparua magamba, akatia chumvi na kukaanga, kisha akauza mmoja mmoja kando ya barabara. Mnunuzi wake ni kibarua atokaye kazini, au mtoto aliyetumwa kitoweo cha kulia sima. Kwa familia isiyoweza kununua samaki kwa kilo, sinia hilo ndilo soko.

Huyu mama hanunui peke yake. Yupo pia tajiri, kama aitwavyo ufuoni, mwenye jokofu na usafiri, ambaye mara nyingi ndiye aliyemkopesha mvuvi wavu au chombo. Samaki wakubwa na pweza humwendea yeye, na kutoka kwake hufika hotelini na mijini. Mama karanga hubakiwa na wadogo: tafi, pono na changu wachanga.

Hapo ndipo penye mgogoro. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, bahari ya Kuruwitu ilikuwa imechoka. Wavuvi walikuwa wengi, nyavu zilikuwa za matundu madogo, na joto la El Nino la mwaka 1998 lilikuwa limeyapausha na kuyaua matumbawe mengi. Mwaka 2003 wenyeji waliunda chama chao cha uhifadhi na ustawi, na mwaka 2005 wakatenga eneo la hekta 30 hivi pasipovuliwa kabisa. Waliliita tengefu.

Halikuwa jambo jepesi. Mtu aliyerithi uvuvi kwa babu yake aliambiwa asitupe ndoana mbele ya nyumba yake mwenyewe. Muda ulipita, samaki wakarudi, matumbawe yakaanza kuota tena, na wavuvi wakaona faida nje ya mpaka, kwa kuwa samaki hawajui mpaka. Mwaka 2017 chama hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Samaki akikua, hata hivyo, huuzwa kwa kilo, na mwenye mtaji wa kilo ni tajiri. Mama karanga hulaumiwa kwa kununua samaki wachanga. Lawama hiyo ina ukweli, kwani changu asiyejaza kiganja hajawahi kutaga. Lakini mama hununua kwa kadiri ya fedha iliyo kwenye kibindo chake, na kwa maoni yangu, anayemtaka aache wadogo hana budi kumsaidia awafikie wakubwa, kwa mkopo au kwa sanduku la barafu.

Mgeni naye ana sehemu yake. Akikuta simu kwenye sinia, ale bila wasiwasi. Hao ni wadogo kwa maumbile. Akikuta changu wa kiganja, aulize kama yupo mkubwa, na awe tayari kulipa zaidi.

Majira bora ya kwenda ni ya kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari inapotulia. Kusi ikivuma, vyombo vidogo havithubutu kuvuka mwamba. Sinia la samaki huwa nusu tupu, na muuza muhogo ndiye anayekesha.