Kumlilia Mtu Asiyekuwapo

Mwaka 1956, katika misitu ya Walikale, Kivu ya Kaskazini, Kongo, mtambaji wa Kinyanga aitwaye Candi Rureke alisimulia kisa cha Mwindo kwa siku 12. Mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck alikuwa pembeni akiandika. Rureke hakusimulia akiwa ameketi. Aliimba, alicheza, alitikisa kibuyu cha njuga, akajigeuza Mwindo mwenyewe, huku watu wakiitikia viitikio na kumtunza kwa vizawadi. Ni kisa cha mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, ambaye baba yake alimfungia ndani ya ngoma akamtupa majini. Wasikilizaji walijua fika kwamba watoto hawazaliwi hivyo, na bado walishikwa.

Leo kijana wa Minembwe, kwenye nyanda za juu za Kivu ya Kusini, anayesoma riwaya ya njozi kwenye simu iliyopasuka kioo mpaka chaji iishe, anashikwa na kitu hichohicho. Rafiki wa shujaa akifa, donge linamkaa kooni. Mama akimwuliza ana nini, atasema moshi wa jikoni umemwingia machoni.

Mwanafalsafa Mwingereza Colin Radford alilivalia njuga jambo hili mwaka 1975. Mtu akikusimulia masaibu ya dada yake, utamwonea huruma; akikwambia baadaye kwamba hana dada, huruma inayeyuka na unamkasirikia. Sasa mbona riwaya inatuambia tangu jalada kwamba ni ya kubuni, nasi tunalia? Radford alihitimisha kwamba tunajipinga wenyewe, kwamba machozi hayo hayana mantiki. Mimi naona aliidai mantiki kazi isiyo yake. Mwili hausubiri hati ya ushahidi. Huko Berlin, Chun-Ting Hsu, Arthur Jacobs na wenzao waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawasomesha vipande vya riwaya za njozi za Harry Potter. Katika utafiti wa mwaka 2014, vipande vya kutisha viliamsha sehemu ya ubongo inayohusika na kuhisi maumivu ya mwenzako, na vipande ambavyo wasomaji walisema viliwazamisha zaidi ndivyo vilivyoiamsha zaidi. Mwaka 2015 walijaribu vipande vya uchawi mtupu, mambo yanayovunja sheria za maumbile. Hapo ikaamka amigdala, kiungo kidogo kinachotwambia kwamba hapa pana jambo, tega sikio. Kwa hiyo ajabu yenyewe, hata kabla hajafa mtu, ni chanzo cha hisia.

Ongeza hapo umri. Kwa kijana wa miaka 15, sehemu za ubongo zinazowasha hisia zimekwisha kushika kasi, ilhali zile za kuzituliza hukomaa hadi miaka ya 20 na kitu. Ndiyo maana anaweza kununa siku mbili kwa ajili ya sura moja ya kitabu. Hana ugonjwa.

Lakini yote haya yangekuwa kweli hata Dodoma au Roma. Minembwe ina jambo lake. Huko juu, zaidi ya meta 2,000, baridi ya usiku haina utani, na tangu 2017 mapigano yamechoma vijiji vya Banyamulenge, Babembe, Bafuliiru na Banyindu, ng'ombe wakaporwa, watu wakakimbia. Kijana anayefungua kitabu huko si mgeni wa moto. Je, kumpa hadithi yenye kijiji kinachoungua ni kumtonesha kidonda?

Mwanasosholojia Mmarekani Thomas Scheff aliandika mwaka 1979 kwamba kila kitu hapa hutegemea umbali. Jambo likisimuliwa karibu mno, mtu hurudi ndani ya tukio lenyewe. Analia bila kupata nafuu, maana hatazami tena bali anateswa upya. Likiwa mbali mno, anapiga miayo. Katikati kuna mahali ambapo mtu yumo ndani ya tukio na papo hapo analitazama, na machozi ya hapo ndiyo yanayoacha kifua chepesi. Riwaya ya njozi ni fundi wa kupima umbali huo. Moto umetoka kinywani mwa joka. Haukuwashwa na watu unaowajua kwa majina. Msomaji anaruhusiwa kuogopa kwa nguvu zake zote bila kuulizwa alikuwa upande gani.

Mwandishi Shaaban Robert aliijua kazi hii. Katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, alichota kisa cha Alfu Lela Ulela, akawageuza mbwa wa kisa hicho kuwa manyani. Adili, liwali mwema anayesifiwa na kila mtu, usiku huenda walikofungwa manyani wawili, akawachapa mijeledi, kisha akawalisha. Msomaji anachukizwa: mtu mwema gani huyu? Baadaye anaambiwa kwamba manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja, waliomtosa baharini kwa wivu, na kwamba yeye analazimishwa kuwapiga. Chuki inageuka huruma kabla hujafunga ukurasa, na huruma hiyo inawafikia hata wale wawili walioitenda hiyana. Jaribu kupata hisia hiyo kwa habari ya kweli ya ndugu waliouana. Huipati, kila mtu ana wake wa kumtetea.

Naye Mwindo haishii kumshinda baba yake. Anamfuata mpaka kuzimu, anamrudisha nyumbani, baba anaungama mbele ya watu, na wanagawana nchi. Kisha anaua joka Kirimu, na badala ya kupongezwa anapandishwa mbinguni na Radi, rafiki wa joka, akateseke huko mwaka mzima. Kijana aliyelelewa kwa filamu za risasi husimama hapo akashangaa: kumbe hata joka lilikuwa na mtu wa kulililia.

Kwenye nyanda hizi, ukitaja jina la mhusika tu, swali la kwanza ni la kabila. Njozi hulichelewesha swali hilo. Mwaka 2015 Loris Vezzali na wenzake walichapisha majaribio yao ya Italia: watoto wa shule ya msingi walisomewa kwa wiki sita vipande vya Harry Potter vinavyohusu ubaguzi, kama kile ambacho Hermione, rafiki wa Harry, anatukanwa kuwa ana damu chafu. Waliojiona ndani ya Harry walilegeza mtazamo wao juu ya wahamiaji. Ambao hawakujiona ndani yake hawakubadilika. Na kuna wasiofunguka kabisa: filamu ya The Hunger Games ilipotoka mwaka 2012, baadhi ya wasomaji waliomlilia mtoto Rue kitabuni walikasirika kumwona ni mweusi, ingawa mwandishi Suzanne Collins alikuwa ameieleza ngozi ya Rue waziwazi. Macho yaliruka mstari.

Kuna kikwazo cha karibu zaidi, nacho ni lugha. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi, Bal na Veltkamp, waligundua kwamba waliozama katika hadithi walizidi kuwa na huruma wiki moja baadaye, bali waliosoma bila kuzama walipungukiwa nayo. Huyu asiyezama ndiye mwanafunzi wetu tunayemkabidhi riwaya ya Kifaransa na orodha ya maneno magumu, akitafuta kitenzi huku joka linapita. Kiswahili anachokisikia sokoni Minembwe, Fizi na Baraka anakielewa bila kamusi. Vitabu vya Kiswahili vinachapwa ng'ambo ya ziwa, Tanzania, na kinachokosekana ni begi la kuvipandisha mlimani. Kitabu kimoja kikisomwa kwa sauti, jioni, kwa wengi, kinatosha kuanzia. Ndivyo Rureke alivyofanya, tena bila kitabu.

Mzazi au mwalimu akimkuta kijana kanywea kwa sababu ya hadithi, asimwambie "ni uongo tu." Hilo analijua. Amwulize ni ukurasa gani, na amwachie aueleze. Lakini kijana akiwa halali, anashtuka usiku, anakataa kuugusa ule ukurasa na haelezi kwa nini, umbali umekatika. Hapo kitabu kifungwe, mtu mzima akae naye.