Samaki Hakujikunja

Samaki mkunje angali mbichi. Tumeisikia tangu utotoni, ila ni nadra mtu kuuliza methali hii inasema na nani. Haisemi na samaki. Inasema na mkunjaji. Sasa itazame ile ya asiyefunzwa na mamaye kufunzwa na ulimwengu: aliyezembea ni mlezi, lakini bakora anaila mtoto.

Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliuunga mkono ulimwengu. Kwake tabia huzaliwa na matendo: anayedanganya leo na kesho, keshokutwa ni mwongo. Alitoa mfano wa jiwe. Ukishalirusha huwezi kulirudisha, lakini kulirusha kulikuwa hiari yako. Alitaja hata sheria zilizompa mkosaji mlevi adhabu maradufu, maana angeweza kutokulewa.

Mfano mzuri, ila una tundu. Wengi wetu tulianza kurusha tukiwa na miaka mitano, mkono umeshikwa na mtu mwingine. Aristotle mwenyewe alikiri kwamba mazoea ya utotoni ndiyo kila kitu.

Mwaka 1994, Mwingereza Galen Strawson aliukaza uzi zaidi. Ili niwajibike kwa tabia yangu, lazima niwe nimeichagua. Niliichagua kwa kutumia nini? Kwa tabia niliyokuwa nayo kabla. Na hiyo je? Rudi nyuma hivyo hivyo, utamkuta mtoto mchanga ambaye hakuchagua lolote.

Hesabu yake siioni kosa. Naona tu anadai mtu ajiumbe mwenyewe ndipo alaumiwe, deni ambalo hakuna binadamu wa kulilipa. Mimi namfuata al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111. Kokwa ya tende, alisema, si mtende wala si mtufaha. Ikitunzwa itakuwa mtende. Mtufaha haiwi kamwe. Hasira nayo haing'oki, lakini hufugika.

Anayenisumbua ni yule asiyejua hata kama ana hasira, kwa kuwa kwao kufoka ndiko kuzungumza. Kwa kofi la kwanza analompiga mkewe nasita kuilaumu tabia yake, ingawa kofi lenyewe ni kosa. Kwa la pili, baada ya mkewe kurudi kwao na wazee kumweka kitako, sisiti.