Kabla Hujapiga Windows Upya

Mpelekee fundi laptopu inayoganda au kujizima ovyo, na jibu utakalopewa haraka ni "tupige Windows upya." Ukikubali bila kuuliza mafaili yako yatabaki wapi, unaweza kurudi nyumbani na mashine safi isiyo na hata picha moja ya arusi yako. Mimi huanza na dirisha jeusi la amri. Ni bure, na limo ndani ya kila Windows.

Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bofya kulia, chagua "Run as administrator". Usipofanya hivyo, amri zitakukatalia.

Amri inayojulikana zaidi ni hii:

sfc /scannow

Hukagua mafaili ya mfumo yanayolindwa, na kila bovu hulibadilisha kwa nakala nzima kutoka ghala lililomo humo humo kwenye kompyuta, folda iitwayo WinSxS. Wengi hukwama hapa: sfc inasema imekuta mafaili mabovu, imeshindwa kuyatengeneza, nao wanairudia mara tatu, nne, kana kwamba itaona haya. Ghala lenyewe likiwa limeingiwa na dumuzi, mbegu nzima itatoka wapi?

Kwa hiyo, kuanzia Windows 8 na kuendelea, tengeneza ghala kwanza:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Neno Online huwachanganya watu. Halimaanishi intaneti, ni Windows hii iliyowaka sasa hivi. Ila bando litaliwa kweli, kwa sababu nakala mpya huchukuliwa Windows Update. Asilimia zinaweza kusimama pale pale kwa muda mrefu. Usilifunge dirisha, nenda kanywe chai. Ikimaliza, rudia sfc, na safari hii ina pa kuchukulia.

Kama huna bando, chomeka flashi yenye Windows ya toleo lile lile. Tuseme imesoma kama E, ongezea mwishoni mwa amri ile:

/Source:wim:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess

Namba 1 huenda ikabadilika, maana faili moja hubeba Home, Pro na nyinginezo. Na ukikuta install.esd badala ya install.wim, andika esd pote palipo na wim.

Umeme ukikatika mashine ikiwa kazini, shaka yangu huenda kwenye diski. Amri yake ni chkdsk C: /f. Itakuambia diski inatumika. Jibu Y, uwashe upya. Kuna na /r, inayosaka sehemu mbovu za diski yote na inaweza kula saa nyingi, hivyo usiianze na betri peke yake. Ukisikia diski inagonga ko-ko-ko, achana na amri zote hizi. Kila dakika inayozunguka inazidi kuumia. Hamisha picha zako kwanza.