Prioni: protini iliyogeuka sumu ya ubongo

Mwaka 1957, madaktari Vincent Zigas na Carleton Gajdusek waliitangazia dunia habari za ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza Wafore, watu wa nyanda za juu mashariki mwa Papua New Guinea. Mgonjwa, mara nyingi mwanamke au mtoto, alianza kwa kuyumba akitembea. Akashika fimbo. Mikono ikatetemeka, ulimi ukawa mzito, na baada ya miezi akawa hawezi hata kuketi bila kuegemezwa. Akili ilibaki timamu kwa muda mrefu, kwa hiyo aliyaona yote yaliyokuwa yakimpata. Wengi walifariki ndani ya mwaka mmoja. Ugonjwa huo, kuru, katika miaka mibaya uliua watu hadi 200 kwa mwaka.

Wagonjwa hawakuwa na homa, na vipimo havikuonyesha dalili ya maambukizi. Wafore waliamini ni uchawi. Baadhi ya wanasayansi wakadhani ni ugonjwa wa kurithi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wanaanthropolojia Shirley Lindenbaum na Robert Glasse walikaa vijijini na kuuliza: nani aliugua, lini, na alikuwa na undugu gani na wenzake? Wazee walikumbuka vizuri. Kuru haikuwa ya tangu enzi za mababu. Ilikuja nyuma ya desturi ya kula miili ya marehemu msibani, desturi iliyofanywa kwa mapenzi na heshima. Wanawake ndio waliouandaa mwili, na ubongo uliliwa zaidi na wao na watoto wadogo. Kwa maoni yangu, kumbukumbu za wazee wale zinastahili kuhesabiwa sawa na kazi ya maabara.

Maabara nayo ilikuwa na lake. Mwaka 1959, daktari wa mifugo William Hadlow aliona kwamba ubongo wa wagonjwa wa kuru ulikuwa na matundu kama sifongo, sawa na wa kondoo wenye ugonjwa wa skrepi. Ugonjwa huo uliambukizwa kutoka kondoo hadi kondoo, akashauri kuru ijaribiwe kwa wanyama. Ilipofika 1966 ilikuwa imethibitishwa: sokwe waliodungwa tishu za ubongo wa wagonjwa waliugua vilevile, baada ya karibu miaka miwili.

Lakini ni kijidudu gani hiki? Mwaka 1982 Stanley Prusiner alitoa jibu lililowakera wengi: si bakteria wala kirusi, ni protini tupu, akaiita prioni. Sote tunayo protini hiyo katika seli za ubongo, nayo kwa kawaida haina madhara. Tatizo huanza umbo lake linapojikunja vibaya. Iliyoharibika ikigusana na nzima, huigeuza iwe kama yenyewe, na hiyo nayo hugeuza nyingine. Zinarundikana, seli zinakufa. Kinga ya mwili haishtuki, kwa sababu protini hiyo ni ya mwili wenyewe. Prusiner alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Kwa kuwa prioni si kiumbe hai, moto wa jikoni hauitoshi, na hata fomalini haiiondoi. Hilo lilidhihirika Uingereza, ambako ng'ombe walilishwa unga wa nyama na mifupa ya mifugo wengine. Kichaa cha ng'ombe, ugonjwa wa prioni, kiligunduliwa 1986, na miaka 10 baadaye serikali ikakiri kwamba huenda nyama ya ng'ombe hao ndiyo iliyowaua vijana kadhaa. Waliokufa nchini humo kwa ugonjwa huo ni 178.

Aina ya ugonjwa wa prioni inayowapata watu wengi zaidi, ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, haitokani na chakula. Kwa kawaida hujitokeza wenyewe uzeeni, kwa mtu mmoja au wawili katika kila milioni kwa mwaka, pote duniani. Mgonjwa hupoteza kumbukumbu na mizani ndani ya wiki au miezi michache. Anayemuuguza asiogope: haupatikani kwa kumshika mkono, kumlisha wala kulala naye chumba kimoja.

Tiba bado haijapatikana. Hata hivyo, panya walioondolewa jeni ya protini hiyo hawaugui kamwe hata wakidungwa prioni, na dawa za kupunguza protini hiyo mwilini zimeanza kujaribiwa kwa wagonjwa. Miongoni mwa Wafore nako, watafiti walikuta baadhi ya watu wenye badiliko la jeni hiyohiyo ambalo halijaonekana kwa mgonjwa yeyote wa kuru. Panya waliopewa badiliko hilo waliihimili prioni.