Je, Wajua? Vitenzi vya Kifaransa na Herufi Zake Bubu

Je, wajua kuwa kitenzi cha Kifaransa "parler", yaani kusema, kina maumbo matano ya wakati uliopo kwenye daftari, lakini mdomoni yanabaki matatu tu? "Parle", "parles" na "parlent" hutamkwa sawasawa, "parl", kwa silabi moja. Zinazosikika tofauti ni "parlons" na "parlez" peke yake.

Hiyo "-ent" ya wingi ni bubu kwenye vitenzi tu. Walimu wa Kifaransa wana sentensi yao maarufu: "Les poules du couvent couvent", kuku wa nyumba ya watawa wanaatamia. "Couvent" ya kwanza ni nomino na ina silabi mbili, ya pili ikitokea puani. Inayofuata ni kitenzi, haina hata herufi moja iliyobadilika, lakini husomwa "kuv" na kukomea hapo.

Washairi ndio waliohifadhi hesabu ya zamani ya silabi, na hapa ndipo penye utamu. Mstari wa kale uitwao "alexandrin" una mizani 12, na "e" hafifu, kama ya mwisho wa "parle", huhesabiwa ikifuatwa na konsonanti. "Il parle bas", anasema kwa sauti ya chini, ni mizani nne katika shairi; sokoni ni tatu. Anayekariri mashairi hayo kwa matamshi ya mtaani huyavunja mizani bila kujua.

Kuna mengine. "Aient", umbo la kitenzi "avoir", lina herufi tano na sauti moja tu, "e". "Faisons", tunafanya, husomwa kana kwamba imeandikwa "fesons". "Avait" iliandikwa "avoit" kwa karne nyingi, hadi kamusi ya Académie française ya 1835 ilipokubali tahajia iliyofuata matamshi.

Lakini la kuangaliwa zaidi ni "ils ont", wana kitu fulani, na "ils sont", wako au ni. Kinachozitenganisha ni "z" na "s" tu: "ilzon", "ilson". Mwanafunzi wa Bukavu au Bujumbura akizichanganya, maana yote imegeuka.

Kwa hiyo, ewe unayejifunza Kifaransa, usikariri jedwali la vitenzi kimyakimya. Tafuta mtu akusomee kwa sauti, nawe umfuatishe.