Mashine ya Vidole Haijui Kazi

"Mashine gani ya vidole ni nzuri?" Mwezi haupiti sijaulizwa hivyo. Anauliza mkandarasi mdogo wa Dar es Salaam, anauliza mfunga sola, anauliza mwenye kampuni ya mabomba mwenye timu tatu nne zinazozunguka mjini kutwa. Kila mmoja amechoka na daftari la mahudhurio, amesikia kwamba vijana wanaandikishana majina, na muuzaji amemhakikishia kuwa kifaa kikishafungwa ukutani, wizi wa saa umekwisha.

Nami humrudishia swali: jana timu yako ilifanya kazi za wateja wangapi, na kila kazi ilichukua saa ngapi? Wengi hawana jibu, na mashine haitawapa. Mashine inajibu swali moja tu, kwamba Juma alifika na Juma akaondoka. Kwa kiwanda chenye geti moja, hilo linatosha. Kwa timu inayohama saiti kabla ya chakula cha mchana, halitoshi hata kidogo.

Chukua timu ya watu sita. Asubuhi wanapiga plasta nyumba ya Kigamboni kwa saa tatu. Wanapakia matoroli na mbao za jukwaa, wanatumia saa moja na nusu barabarani hadi Tegeta, wanapanga tofali za fremu za maduka kwa saa nne, na nusu saa ya mwisho wanarudia plasta iliyopasuka kwenye kazi ya zamani iliyo jirani. Ukitoa muda wa kula, kila mtu ana saa 9, na timu nzima ina saa 54. Mashine itakupa hiyo 54, na itakuwa sahihi kabisa. Lakini Kigamboni ilitumia saa 18, Tegeta 24, safari 9, na marekebisho 3.

Sasa angalia kinachofanyika ofisini. Mhasibu anaona 54 na kazi mbili, anagawa nusu kwa nusu, 27 kwa 27. Kigamboni inabebeshwa saa 9 ambazo haikuzitumia, yaani nusu nzima juu ya gharama yake halisi ya nguvukazi. Mwenye kampuni anaamini plasta inamtia hasara, anapandisha bei kwenye makisio yanayofuata, na kazi inakwenda kwa mwingine. Marekebisho hayaonekani popote, kwa hiyo hakuna anayemuuliza fundi aliyeharibu ule ukuta. Na safari? Saa 9 kwa siku, mara siku tano, ni saa 45. Hiyo ni wiki nzima ya kisheria ya mfanyakazi mmoja, imeishia kwenye foleni, na hakuna mteja aliyewahi kuandikiwa hata shilingi yake.

Mashine yenyewe, hata kwa hicho kidogo inachodai kukiweza, saiti inaishinda. Saruji mbichi ina alkali kali, na mchanga unasugua. Fundi aliyepiga plasta miaka kumi, mwangalie ncha za vidole vyake: ile mistari ambayo kifaa kinaitafuta imelainika, mingine imechanika na kuzibwa na vumbi. Kifaa kinakataa mara ya kwanza, kinakataa mara ya pili, foleni inarefuka nyuma yake, na kufika Ijumaa msimamizi ameshaanza kuwaandika kwa mkono wale "wasiosomeka". Umerudi kwenye daftari, ila sasa ni daftari la siri. Ongeza umeme unaokatika, saiti isiyo na ukuta wa kufungia kifaa, na kazi ya siku nne ambayo inakwisha kabla fundi wa mashine hajaja kuifunga. Ongeza pia kwamba alama za vidole ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na anayezikusanya ana wajibu wa kuzilinda. Wauzaji hilo hawalitaji.

Wanaoniuliza wakishaiacha mashine, huja na simu: programu inayofuatilia mahali fundi alipo kwa satelaiti. Ni bora kidogo, lakini imejengwa juu ya dhana ileile. Chini ya slabu ya ghorofa simu inakosea mahali. Hata ingepatia, mahali si kazi. Kwenye kiwanja kimoja unaweza kuwa na mkataba wa nyumba na mkataba wa uzio, bei tofauti, pengine hata mlipaji tofauti. Satelaiti itasema kijana alikuwa kiwanjani. Kama alikuwa ukutani au kwenye uzio, anayejua ni aliyekuwa naye.

Najua hofu iliyo chini ya swali hili: kuibiwa saa. Wapo wanaoiba, sikatai. Lakini katika hesabu za makandarasi ninazozipitia, saa zinazotiwa mifukoni ni chache zikilinganishwa na saa zilizofanywa kweli zikaandikwa kwenye kazi isiyo yake, au zisiandikwe kabisa. Mwenye kampuni anayewasaka wezi getini huku hajui kazi ipi inamla, anasaka hasara ndogo na kuilea kubwa.

Kuna na upande wa sheria, ambao timu za saiti nyingi huuvunja bila mtu kukusudia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Pamoja na ovataimu, siku haivuki saa 12, na ovataimu yenyewe haivuki saa 50 katika wiki nne. Saa ya ziada hailipwi chini ya mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Fundi umeme aliyefanya saa 5 chini ya msimamizi mmoja, kisha saa 6 chini ya mwingine, hakuna msimamizi aliyeona ovataimu hapo. Kila daftari lina nusu siku tu. Ukijumlisha ni 11, na saa 2 kati yake zina bei nyingine. Zibebwe na kazi gani? Wengi huitupia ile ya jioni, kwa kuwa ndiyo ilikuwa mkononi ovataimu ilipoanza. Kama ya asubuhi ndiyo iliyochelewa kwa kungoja zege, gharama ni yake, na andiko lako la kungoja ndilo utakaloliweka mezani ukimwomba mteja aliyekuchelewesha muda wa nyongeza.

Kinachofaa ni kifupi. Ipe kila kazi namba kabla mtu hajabeba koleo. Ongeza namba tatu za kudumu: safari, kungoja, marekebisho. Msimamizi wa timu aandike pale kazi inapobadilika, asisubiri jioni, maana jioni watu hukisia. Nusu saa ndiyo kipimo. Dakika waachie reli. Karatasi moja kwa timu kwa siku inatosha, ipigwe picha na kutumwa ofisini kabla ya saa 12 jioni. Asiye na simu janja atume ujumbe mfupi: namba ya kazi, idadi ya watu, saa. Ofisini jedwali la Excel linatosha: jumlisha kwa mtu, kisha jumlisha kwa kazi. Jumla mbili zisipolingana, kuna saa imepotea au imeandikwa mara mbili, itafuteni siku hiyohiyo. Kubalianeni mnaandika saa za namna gani: msimamizi anayeandika aliingia saa 2 na kutoka 17:00 amempa karani saa 15 za kazi. Ukipita timu tano hivi, nunua programu ya simu, kwa masharti matatu: ibadilishe kazi katikati ya siku kwa mguso mmoja, ifanye kazi bila mtandao, na ikupe data zako zote siku ukiihama. Mashine ya vidole iache kwa saiti moja kubwa yenye mamia ya watu wanaoshinda hapohapo, na hata hapo karatasi ya kazi ibaki.

Kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, kama sheria inavyotaka. Na kila fundi asaini mstari wake Jumamosi kabla ya kupokea fedha, akiwa bado anakumbuka Jumatatu alikuwa wapi.