Ugonjwa wa Damu ya Njiwa

Wenye kufuga njiwa manga huona pengine njiwa wachanga, walioanza kuruka, wamenyong'onyea ghafula. Hawataki kula, wanahema kwa shida, na ndani ya midomo yao pamekuwa peupe. Baada ya siku chache hufa. Wengine husema ni baridi, na wengine husema ni kijicho cha jirani. Lakini huenda ikawa ni ugonjwa wa damu, nao waweza kuzuiwa.

Ugonjwa huu huletwa na kijidudu asiyeonekana kwa macho matupu, ambaye wataalamu humwita Haemoproteus columbae. Yeye ni wa jamaa moja na vijidudu wa malaria, ila hawaambukizi watu. Hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu ya njiwa, na chembe hizo zikiharibika kwa wingi, damu hupungua nguvu. Njiwa mzima aweza kuwa nao muda mrefu bila kuonyesha dalili yo yote. Mchanga hana nguvu za kuwastahimili.

Malaria ya watu huletwa na mbu, bali ugonjwa huu huletwa na inzi. Jambo hilo lilithibitishwa huko Algeria mwaka 1906 na Wafaransa wawili, Edmond na Étienne Sergent, waliokuwa ndugu. Inzi huyo ni bapa, ana rangi ya udongo, naye hukimbia upesi katikati ya manyoya. Hupenda sana makinda ambao manyoya yao hayajakamilika. Akisha kunyonya damu ya njiwa mgonjwa, vijidudu huzaana mwilini mwake, na baada ya siku 10 hivi au zaidi humwambukiza njiwa mwingine. Kwanza huzaana katika mapafu, na kuonekana katika damu karibu mwezi mmoja baadaye. Ndiyo sababu njiwa aliyeumwa tunduni huugua akiwa amekwisha kutoka, na mwenyewe asijue asili yake.

Inzi huyu hatagi mayai. Huzaa buu mmoja mmoja, ambaye hugeuka upesi kuwa kifuko kigumu cheusi, mfano wa mbegu ndogo, kilichojificha katika takataka za tundu na nyufa za mbao. Baada ya siku 23 hadi 31 hivi hutoka inzi mpya.

Basi yafaa kila siku 20 kuondoa majani na mavi yote ya tundu, kuyachoma moto, na kukwangua nyufa. Unga wa pareto, zao la milima ya Kenya, huua inzi hao ukinyunyizwa katika manyoya. Njiwa mgeni atengwe kwanza, akaguliwe chini ya mabawa. Wakiendelea kufa, daktari wa mifugo aweza kuwatambua vijidudu kwa darubini katika tone moja la damu.

Mwenye kungoja mwezi mzima atasafisha tundu ambalo inzi wamekwisha kuruka.